Mwanafunzi wa Kuigiza

Saa tatu na robo asubuhi, magurudumu manne yalionekana juu ya maji ya ziwa, yakielekea mbinguni. Mawili yalikuwa madogo, mawili makubwa kidogo, na moja kati ya yale makubwa lilikuwa bado linazunguka. Wa kwanza kuyaona alikuwa nahodha wa boti ya mchanga. Aliwaambia wapakiaji wake wawili: "Jamani, ndege imelala chali."

Ndege ya maji inapotua majini haitakiwi kuwa na gurudumu lolote nje. Hii ilikuwa ya aina inayotua kotekote. Ilisimama juu ya maboya mawili marefu yenye umbo la mtumbwi, na ndani ya maboya hayo kulikuwa na magurudumu: yanatolewa kwa ajili ya kiwanja, yanarudishwa ndani kwa ajili ya maji. Ikitua majini yakiwa nje, maji huyakamata, pua huzama, mkia hupaa, na ndege hujipindua yenyewe. Hakuna rubani wa ndege hizo asiyelijua hilo. Wawili waliokuwa ndani ya hii walilijua kuliko wengi. Mmoja alikuwa amefundisha marubani kwa miaka kumi na tisa, na mwingine alikuwa anajifunza kufundisha.

Chini ya saa moja kabla ya hapo, wote wawili walikuwa ofisini wakitaniana.

Ofisi ya shule ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, ramani ya ziwa ukutani na dirisha linalotazama gati. Redio ilikuwa kwenye meza ya dirishani, na mbele ya redio alikaa mke wa mwalimu. Mwalimu mwenyewe wanafunzi walimwita Tena, kwa sababu ndilo neno lililomtoka mara nyingi kuliko yote. Mtu akitua vibaya aliambiwa "tena", akitua vizuri aliambiwa "tena", na sauti ilikuwa ileile. Rubani aliyekuwa akisomea ualimu alikuwa mdogo wa kike wa yule mke. Alikuwa amerusha ndege za shule hiyo, za abiria na za mizigo, kwa miaka sita. Kwa hiyo yeye na mwalimu walikuwa mashemeji, na walisemezana kama mashemeji hata wateja wakiwepo.

"Leo mimi ndiye mwanafunzi," Tena alisema. "Sijui kitu, naogopa maji, na nabisha. Wewe ndiye mwalimu. Unakaa kulia."

"Shemeji, hapo kwenye kutojua kitu hutahitaji kuigiza."

"Cheka tu. Utakutana na mbumbumbu ambaye hujawahi kumwona."

"Nimemwona. Alikuja kujitambulisha kwetu amevaa soksi za rangi mbili."

Mke wa mwalimu hakugeuka kutoka kwenye redio. "Soksi zile nilimpa mimi," alisema. "Na mrudi kabla ya saa nne. Kuna wateja wa kuzungushwa, na mmoja wao ameshaanza kutapika kwa mawazo tu."

Zoezi lenyewe lilikuwa la kawaida katika shule hiyo. Anayesomea ualimu hukaa kiti cha kulia, ambacho ni cha mwalimu. Mwalimu wa kweli hukaa kushoto, kwenye kiti cha mwanafunzi, anaigiza mwanafunzi, na njiani hupandikiza makosa: anaacha hiki, anadai amefanya kile ambacho hakukifanya. Kazi ya mwenzake ni kuyakamata. Kulikuwa na sharti moja. Kosa ambalo halijakamatwa hadi ndege inaposhuka usawa wa tangi la maji lililoko kilimani, anayeigiza hulitaja mwenyewe kwa sauti, na ndege hupandishwa. Sharti hilo Tena alilitunga mwenyewe, na hakuwahi kulivunja.

Kabla ya kuwasha injini, rubani alimpa mwanafunzi wake maelekezo ya usalama.

"Ndege ikipinduka, maji yataingia na hutaona kitu. Usiguse mkanda kwanza. Tafuta kitasa cha mlango, kishike, ndipo ufungue mkanda. Mkono kabla ya mkanda. Ukianza na mkanda utaelea hovyo humu ndani, hujui juu wala chini."

"Mlango wangu uko wapi, mwalimu?"

"Kushoto kwako. Hata ndege ikiwa miguu juu, bado uko kushoto kwako."

"Na kama nimesahau kushoto ni wapi?"

"Mkono wenye pete, shemeji. Ule ambao dada anaukagua kila jioni."

Tena alishika kitasa, akaachia, akashika tena. Rubani alimtazama mpaka aliporidhika, kisha akahakikisha jaketi lake la kuokolea limefungwa vizuri, akamkumbusha kwamba kamba ya kulijaza hewa huvutwa nje ya ndege, kamwe si ndani. Maelekezo yalikuwa kamili. Kitasa cha mlango wake mwenyewe hakukishika. Kwa miaka sita alikuwa amekaa kushoto, na mkono wake wa kushoto ulikijua kitasa cha kushoto hata gizani. Cha kulia hakuwahi kukihitaji.

Waliruka kutoka kiwanjani, magurudumu yakiwa nje kama inavyotakiwa. Ndege inapoiacha ardhi, mwanafunzi hutakiwa kuusukuma juu wenzo wa magurudumu ili yaingie ndani ya maboya. Papo hapo Tena alipaza sauti.

"Mwalimu! Mlango wangu unalia! Unafunguka!"

Rubani aliinama mbele yake kuukagua. Ulikuwa umefungwa. Aliupiga kwa kiganja, akamwambia atulie, akarudi kukaa sawa. Wakati huo walikuwa tayari juu ya maji, na mwanafunzi alikuwa anataka kujua kama samaki huogopa ndege.

"Waulize ukifika," rubani alisema.

Wenzo ulibaki chini.

Walizunguka rasi iliyoficha sehemu ya kutulia isionekane kutoka gatini. Upepo ulikuwa mdogo na maji yalikuwa na mikunjo myembamba, hali ambayo marubani wa maji huiomba. Rubani alitoa maelekezo, Tena akayafuata kwa ukaidi uliopimwa: akipewa mwelekeo anaupita kidogo, akiambiwa apunguze mwendo anauliza kwa nini. Walipoanza kushuka, mabawa yalibaki kama yalivyokuwa. Flapu, zile sehemu za nyuma ya mabawa zinazoshushwa ili ndege iweze kwenda polepole bila kuanguka, hazikuguswa.

"Umesahau nini?" rubani aliuliza.

"Sijasahau kitu, mwalimu."

"Tazama mabawa."

"Ni mazuri."

"Flapu, shemeji!"

"Lo! Samahani, mwalimu. Ni hizi kelele za injini, zinanichanganya."

"Kosa la chekechea hilo. Yaani umekesha unalitafuta, ukapata hilo?"

Tena alicheka kwa sauti yake mwenyewe, si ile ya kuigiza, na rubani akacheka naye. Hapo ndipo mwili wake ulipolegea. Kosa lilikuwa limepandikizwa na kosa lilikuwa limekamatwa. Hakufikiria kwamba makosa yalikuwa mawili.

Kabla ya kila kutua, anayerusha husema kwa sauti anatua wapi na magurudumu yako wapi. Aliye pembeni hathibitishi mpaka atazame kwa macho yake.

"Natua majini," Tena alisema, amerudia sauti ya mwanafunzi mwoga. "Magurudumu juu."

Rubani alitazama taa za magurudumu. Ziko upande wa kushoto wa dashibodi, moja kwa kila gurudumu. Zikiwa za bluu, magurudumu yamo ndani. Zikiwa za kijani, yako nje. Aliyekaa kushoto huziona usoni kabisa. Kutoka kulia alizitazama kwa ubavu, na jua lilikuwa limepiga kioo cha taa hizo. Aliona kwamba zote zinawaka.

"Nimeona," alisema.

Rangi hakuitazama.

Chini ya bawa la kushoto kulikuwa na kioo kidogo kinachoonyesha maboya na chochote kilichotoka chini yake. Kilifungwa kwa ajili ya aliyekaa kushoto. Tena alijua kitakachoonekana humo, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kukitazama. Alikuwa anasubiri tangi.

Tangi lilikuwa limebaki kidogo kufikia usawa wa bawa wakati boti ya mchanga ilipochomoza nyuma ya rasi. Ilikuwa imeshehenezwa hadi ukingoni, inakwenda kwa kujivuta, na ilikuwa inakata njia yao katikati. Nahodha wake alikuwa amewapa mgongo, anabishana na wapakiaji.

"Boti!" alisema rubani.

"Igizo basi," alisema Tena. "Ndege yangu."

"Ndege yako."

Sauti ya Tena sasa ilikuwa ya mwalimu. Rubani aliondoa mikono kwenye usukani na miguu kwenye pedeli. Tena aliinamisha bawa, akaisogeza ndege kulia kwa boti, akainyoosha. Mbele yao yalitanda maji mapana, mahali pazuri kuliko pale pa mwanzo. Angeweza kupandisha na kuzunguka upya, lakini nafasi ilikuwepo na aliiona, kwa hiyo akaamua kutua. Ilikuwa kazi safi, isiyo na mtikisiko. Tangi lilipita usawa wa bawa na hakuna aliyelitazama. Yule mwanafunzi aliyedanganya kuhusu magurudumu alikuwa ameshaondoka, na mwalimu aliyerudi mahali pake hakukumbuka kuuliza mwenzake ameacha nini.

Mguso wa kwanza ulikuwa laini. Kisha rubani alitupwa mbele dhidi ya mkanda, kioo cha mbele kikageuka kijani, kikageuka kahawia, na hapakuwa tena na kitu cha kuona. Kabla maji hayajafunika kila sauti, alisikia mgongano mmoja mkavu kushoto kwake. Kilikuwa kichwa cha Tena kwenye nguzo ya mlango.

Maji yalikuwa baridi na yalinuka petroli. Alikuwa ananing'inia kichwa chini. Mkono wake wa kushoto ulikwenda wenyewe kutafuta kitasa, ukashika kitambaa, na chini ya kitambaa palikuwa na bega.

Mkono kabla ya mkanda. Mkono ulikuwa umeshika kitu, kwa hiyo wa kulia ulikuwa tayari kwenye kifungo cha mkanda, na vidole vilikuwa vimeanza kukizungusha, alipoelewa kwamba bega si kitasa. Mlango wa kushoto haukuwa wake. Aliachia kifungo. Aliupeleka mkono wa kulia kulia, akapapasa dirisha, ukingo wa kiti, dirisha tena, na mwisho chuma kilichopinda kama kidole. Alikivuta. Mlango ulikataa. Maji yalikuwa bado hayajalingana ndani na nje, na mpaka yalingane hakuna nguvu ya mtu inayoweza kuufungua. Alijua hivyo. Alingoja huku kifua kinamwaka, hajaachia kitasa. Kisha alisukuma kwa bega, mlango ukaachia, akafungua mkanda kwa mkono wa kushoto na kujivuta nje.

Kichwa chake kilipotoka majini alivuta kamba ya jaketi, kama alivyofundishwa, na jaketi likajaa. Aliita, "Shemeji!" Aliogelea kuuzunguka mkia mpaka upande wa pili, akaufikia mlango wa kushoto kwa miguu, akaupiga teke. Nguzo ilikuwa imepinda na mlango ulikuwa umekazwa kama uliochomelewa. Mapovu machache yalipanda, yakapasuka mbele ya uso wake. Hakuna aliyetoka.

Ofisini, mke wa mwalimu alikuwa anangoja maneno mawili. Kila ndege ya shule inapotua nyuma ya rasi, rubani husema "majini salama" kwenye redio. Alikuwa amesikia injini ikishuka, halafu akasikia kimya. Aliita. Aliita tena. Kisha alifungua dirisha, akamwambia mwendesha boti wa shule aende nyuma ya rasi na asipunguze moto kwa ajili ya mtu yeyote. Yeye hakunyanyuka kitini. Aliyekaa kwenye redio haondoki kwenye redio.

Boti ya mchanga ndiyo iliyofika kwanza, kwa sababu ilikuwa jirani na kwa sababu nahodha wake alikuwa amemwaga nusu ya mzigo majini ili ageuze haraka.

"Dada, panda!" alisema. "Shika mkono!"

"Kuna mtu ndani."

"Wangapi?"

"Mmoja. Shemeji yangu."

Mpakiaji mmoja, mrefu, alikuwa ameshaanza kufunga kamba kwenye gurudumu. "Tuivute ufukweni kabla haijazama!"

"Haizami! Maboya ndiyo yanaishikilia. Mkiivuta inajikunja, na yeye yumo. Kamba hiyo nipe mimi. Nifungie kitanzi."

Alipiga mbizi. Jaketi lilimrudisha juu kama kizibo cha chupa. Alijaribu tena, likamrudisha tena. Aliliangalia kana kwamba ni la mtu mwingine, kisha akalifungua, akalitupa botini na kubaki na shati. Sheria ya shule ilikuwa wazi: aliyetoka ndani ya ndege iliyopinduka harudi ndani. Sheria hiyo pia ilitungwa na Tena.

"Wewe mama, ukipotelea huko nitawaambia nini watu wako?" nahodha aliuliza.

"Waambie ulinikataza. Nikitikisa kamba mara mbili, vuteni. Mkihisi imekwama, acheni hapohapo."

"Kamba ni kazi yetu," mpakiaji mrefu alisema, akimkabidhi kitanzi. "Nenda."

Aliingia kwa mlango wa kulia, macho amefumba, kwa kuwa kuyafumbua kulikuwa kujipaka petroli tu. Alipita chini ya kiti chake, ambacho sasa kilikuwa dari, akampata Tena palepale alipomwacha. Alikuwa ananing'inia kwenye mkanda, mikono imelegea, haishiki chochote. Rubani alifuata mkanda kwa vidole mpaka tumboni.

Hapa hakupapasa. Kiti kilikuwa cha kushoto, kiti alichokikalia kwa miaka sita. Kifungo chake kilikuwa na ubishi ambao fundi alikuwa ameshindwa kuumaliza: ukikizungusha tu hakiachii, lazima ukibonyeze kwanza na kidole gumba. Alikibonyeza, akakizungusha, mkanda ukafunguka na mwili mzima ukamjia. Alipitisha kitanzi kichwani, akaanza kupitisha mkono mmoja, na hewa ikamwishia.

Alitoka juu, akashika boya, akavuta pumzi iliyokuwa na sauti.

"Bado," alisema. Akazama tena.

Mkono wa kwanza ulipita kwenye kitanzi. Wa pili ulikuwa mzito, kisha nao ukapita. Alikaza kitanzi kifuani mwa Tena na kutikisa kamba mara mbili.

Kamba ilikaza. Mwili ulisogea kuelekea mlangoni, ukafika nusu ya njia, ukasimama. Rubani aliushika akahisi shingo imevutwa nyuma. Waya wa hedifoni ulikuwa umeizunguka, na ncha yake ilikuwa bado imechomekwa kwenye dashibodi. Wakiendelea kuvuta, watamnyonga. Hakuwa na namna ya kuwaambia.

Kule juu, mpakiaji mrefu alihisi uzito umebadilika. "Legeza!" alisema. Nahodha alitaka kuendelea. "Legeza, nakwambia! Imenasa!" Kamba ililegea.

Rubani alirudi dashibodini kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye kola ya Tena. Tundu la hedifoni la kushoto lilikuwa chini ya taa za magurudumu. Kwa muda huo mfupi alifumbua macho, na ndani ya maji machafu, betri ikiwa bado hai, taa zilikuwa bado zinawaka. Zilikuwa za kijani. Alichomoa waya. Akatikisa kamba mara mbili.

Walimtoa na kumlaza juu ya tumbo la boya, kati ya magurudumu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu na upande mmoja wa paji la uso ulikuwa umechanika. Rubani aliweka sikio kinywani mwake. Hakusikia kitu. Aliweka vidole shingoni, pale waya ulipoacha alama, na alihisi mpigo, au alihisi mpigo wa vidole vyake mwenyewe. Alikiinua kidevu, akabana pua, akapuliza. Kifua kilipanda. Akapuliza tena.

Boti ya shule ilifika. Mwendesha boti alizima injini, na katika ukimya huo redio yake ikasikika kwa kila mtu.

"Gati kwa boti. Umewaona?"

"Nimewaona, mama."

"Wako wangapi juu?"

"Wawili."



"Wanaopumua?"

Mwendesha boti alitazama boya. Kidole chake kilikuwa kwenye kitufe cha kujibia. Alikiondoa.

"Boti, sikukupata," redio ilisema. Sauti haikubadilika. "Wanaopumua wangapi?"

Rubani alipuliza. Alihesabu kimoyomoyo, akapuliza tena. Nahodha wa boti ya mchanga alikuwa amepiga magoti ndani ya maji yaliyokuwa sakafuni mwa boti yake, anaishikilia miguu ya Tena isiteleze. "Pole pole, mwanangu," alisema, ingawa hakuna aliyejua anamwambia nani.

"Boti, gati anakuita."

Kifua kilichopanda kwa pumzi ya rubani kilishuka, kisha kikashtuka chenyewe. Maji yalimtoka Tena kinywani, kidogo, halafu mengi. Walimgeuza ubavu. Alikohoa kikohozi kibaya, cha kukwaruza, akavuta hewa, akakohoa tena.

"Huyo!" alisema mpakiaji mrefu. "Huyo, amekuja!"

Wakamhamishia kwenye boti ya shule, wakamfunika turubai la injini kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine kikavu. Rubani alikaa sakafuni, akakiweka kichwa cha Tena mapajani na kukandamiza kitambaa kwenye paji la uso. Macho ya Tena yalikuwa wazi, yanazungukazunguka. Yalipompata, yalitulia.

"Boti…" alisema.

"Tuliikwepa. Usiongee."

"Nini… basi?"

"Magurudumu, shemeji. Yalikuwa nje. Nilisema nimeona na sikuona."

Alitikisa kichwa, mwendo mdogo sana, nao ulimuumiza. "Niliyaacha mimi," alisema. Ilimbidi apumzike. "Kusudi. Ulipokuwa… unakagua mlango."

"Na tangi?"

Tena alifumba macho. Rubani aliinama haraka kumsikiliza. Alikuwa anapumua.

"Nililisahau," alisema Tena.

Redio ilikwaruza. "Gati kwa boti. Jibu."

Mwendesha boti alikuwa anawasha injini, mikono yake miwili ina kazi. Rubani aliunyoosha mkono wa kulia, akaichukua redio, akabonyeza kitufe.

"Wawili, dada," alisema. "Wanapumua wawili."

"Rudia."

Rubani alirudia.